Pumzi ya Tanuru

Kila siku ilipokaribia saa tano asubuhi, tanuru letu lilishikwa na baridi. Si baridi ya kuvaa sweta. Joto lilishuka kutoka nyuzi elfu moja na mia moja mpaka mia nane na kitu, na kwa tanuru la aina ile huo ni ugonjwa. Mimi ndiye niliyekaa mbele ya geji nikiliangalia likiugua, wiki tatu mfululizo, na ndiyo maana wote pale kiwandani waliniita Geji.

Watu wengi walidhani tunachoma takataka. Hatukuchoma. Ukichoma unapata moto, moshi na jivu, basi. Sisi tuliziingiza kwenye tumbo la chuma lililojengewa matofali ya kuhimili joto, tukalipatia tumbo hilo hewa kidogo ya kupimwa, isiyotosha kuwasha moto kamili. Kwa ukali ule wa joto, na kwa kunyimwa hewa, matambara, karatasi, plastiki na vipande vya mbao havikupata nafasi ya kuungua. Vilivunjika vikawa gesi. Gesi ikaoshwa, ikapozwa, ikapita kwenye bomba chini ya barabara hadi hospitali, ambako ilichemsha maji ya kufulia mashuka. Kilichobaki chini ya tanuru kilikuwa mawe meusi yanayong'aa kama chupa iliyovunjika.

Joto likishuka, mambo yanaharibika. Gesi inatoka na lami ndani yake, na lami inaganda kwenye mabomba kama mafuta kwenye sufuria iliyolala bila kuoshwa. Hapo tunafunga bomba, tunakwangua, na kule hospitali mashuka ya wodi yanalowekwa kwenye maji baridi. Ilitokea mara nne ndani ya wiki hizo tatu. Mara ya nne muuguzi mkuu alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni kwa Meneja bila kukaa, akauliza kama tunajua shuka la mtu aliyejifungua linafananaje.

Jumatano Meneja aliita kikao. Alikuwa mtu wa maneno machache na shati lililopigwa pasi, na siku hiyo maneno yalipungua zaidi. Alisema kufikia Ijumaa ya wiki inayofuata anataka siku tatu mfululizo ambazo joto halishuki chini ya nyuzi mia tisa na hamsini. Tukishindwa, takataka za majumbani basi. Tutalisha tanuru mabaki ya viwandani peke yake, ya mbao, ya viatu na ya magodoro, ambayo huja makavu na ya aina moja, moja kwa moja kwenye mkanda wa kupakilia. Banda la kuchambulia litafungwa.

Bandani walikuwamo watu thelathini na mmoja. Waliitwa wachambuzi, na mmoja wao, mwanamume mwenye maneno mengi aliyepewa jina la Kinanda, alipenda kusema kwamba wao na wale wachambuzi wa mpira redioni kazi yao ni moja, kuparura uchafu wa watu wengine, ila wao bandani hawabahatishi. Kiongozi wao walimwita Kamanda. Kamanda alikuwa mama yangu mzazi.

Kwa hiyo damu ilinichemka. Nilisimama bila kuruhusiwa. Mhandisi wetu, aliyevaa kofia ngumu nyeupe hata akiwa chooni na kwa sababu hiyo tukamwita Yai, alikuwa amesema kwa upole kwamba anahisi takataka zinaingia na unyevu mwingi. Nikamwuliza kama amewahi kufika bandani akaona wanavyofanya kazi. Nikasema mama yangu amechambua takataka miaka ishirini na sita, kwanza jalalani kwenye jua na mvua, sasa hapa chini ya bati, na hajawahi kupitisha ganda bichi hata la ndizi. Nikasema ubovu uko kwenye mashine zake za kitabuni. Na nikaapa, mbele ya watu kumi na wawili, kwamba nitathibitisha.

Yai hakukasirika. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alisema tu, "Thibitisha, Geji. Nitakupa mizani na joko la maabara."

Alhamisi na Ijumaa nilifanya kazi hiyo kama mtu anayejenga nyumba yake. Kila saa nilichota kopo moja la takataka kutoka kwenye mkanda, nikazipima, nikazikausha, nikazipima tena. Uzito uliopotea ndio maji. Saa mbili asubuhi, maji yalikuwa sehemu kumi na sita katika mia. Saa tatu, kumi na saba. Saa nne, kumi na sita tena. Nilikuwa nikiandika tarakimu hizo kwa wino mzito, nikijiona tayari nimesimama mbele ya Meneja, kifua mbele.

Saa tano kasoro robo, arobaini na mbili.

Nilirudia. Arobaini na moja. Nikarudia tena nikapata zaidi ya hapo. Nikatafuta bati linalovuja. Mvua haikuwa imenyesha kwa mwezi mzima. Nikatafuta bomba la maji lililopasuka; halikuwepo. Wachambuzi nilikuwa nimewauliza tangu Alhamisi, mmoja mmoja, kama kuna kitu kibichi kinachopita, na wote walinikatalia wakinitazama machoni. Kinanda alinionyesha pipa lililojaa maganda na mabaki ya chakula waliyoyatenga, akaniambia, "Mjomba, hapa hata machozi tunayafuta kwanza."

Kila siku saa nne sisi wa tanuru tulikwenda kunywa chai upande wa pili wa ua. Ijumaa hiyo sikwenda. Nilishuka bandani nikasimama nyuma ya nguzo.

Upepo wa kiangazi ulianza kuingia, kama ulivyofanya saa hizo kila siku kwa wiki zile tatu. Lori la pili lilikuwa limemwaga mzigo wake na lundo lilikuwa refu kuliko mtu. Mama akapiga makofi mawili. Wanawake wanane wakaacha kazi, wakaenda kwenye madumu yaliyopangwa ukutani, kila mmoja akajaza kopo lililotobolewa matundu chini. Wakalizunguka lundo taratibu, wakinyunyiza. Mama alikuwa mbele. Alitikisa kopo lake kwa mkono mwepesi, kama mtu anayempaka mtoto poda. Wakarudi kujaza, wakazunguka tena, na tena, mpaka madumu yote yakaisha na vumbi likatulia. Kisha wakaingia kwenye lundo na mikono yao, wakaanza kuchambua, na hakuna aliyekohoa.

Walikuwa wanalaza vumbi.

Sikuwa nimegundua kitu kipya. Nilikuwa nalijua jambo lile tangu nina meno ya utoto. Jalalani, kabla sijaanza shule, mimi mwenyewe nilikuwa na kopo langu dogo la maziwa, lenye matundu sita, nikizunguka nyuma ya mama. Kila lundo lenye vumbi lilinyunyiziwa. Hatukuliita maji. Ukituuliza kama tunalowesha takataka tungekataa, na tusingekuwa waongo. Mtu anayenawa uso kabla ya kula hasemi ameoga. Nilikuwa nimeapa mbele ya kikao kizima juu ya kitu ambacho mikono yangu ilikifanya.

Mama aliniona. Akaniuliza mbona sinywi chai, au nimeanza kufunga.

Nilirudi kwenye geji. Nilingoja jioni, nyumbani. Tulikaa katika chumba chetu cha mbele, chenye makochi mawili na meza ambayo mguu wake mmoja nimeufunga waya. Mama alikuwa ametumbukiza miguu kwenye beseni. Nilimweleza yote: tarakimu, lami, mashuka, na ile Ijumaa ya mwisho. Nilimweleza vibaya. Nilikuwa na aibu, na aibu kwangu hutoka mdomoni ikiwa hasira. Nilisema maji yao yatawafukuzisha kazi. Nilisema kuanzia Jumatatu makopo yale yatupwe.

Aliniacha nimalize. Kisha akaniuliza kama namkumbuka Mama Pacha.

Namkumbuka. Alikuwa akinibeba mgongoni mama akiwa na kazi. Alikuwa akicheka kwa sauti ambayo ilifika barabarani. Alikuwa na kichwa kigumu, hakutaka kunyunyiza, alisema maji yanaharibu karatasi na karatasi zikilowa hazinunuliwi. Miaka yake miwili ya mwisho hakuweza kucheka, kwa sababu kucheka kulimletea kikohozi, na kikohozi kilimletea damu.

"Zile barakoa mlizotupatia bandani," mama akasema, "saa moja tu zimelowa jasho, hupumui. Maji ndiyo barakoa yetu. Sasa, baba, ukitaka makopo yatupwe, njoo usimame mwenyewe mbele ya wale wanawake uwachagulie nani atangulie kumfuata Mama Pacha. Mimi mdomo huo sina."

Nilimwambia basi banda litafungwa.

"Basi lifungwe tukiwa wazima."

Alikuwa akisugua kisigino kwa jiwe, na mimi nilikuwa nikitafuta neno la kumshinda, kama kawaida yangu. Mwishowe yeye ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaka kubadilisha mazungumzo, hilo dude langu linapumua vipi. Maana siku zote nasimulia kwamba linanyimwa hewa; hiyo kidogo linayopewa inatoka wapi?

Nilimweleza kwamba kuna feni kubwa nyuma ya ukuta wa banda, inavuta hewa kutoka uani na kuisukuma ndani ya tanuru mchana kutwa.

"Nyuma ya ukuta wetu?"

"Ukuta wenu huo huo."

"Inavuta hewa safi ya uani, halafu inaipeleka kwenye moto."

"Ndiyo, mama."

"Na sisi tumekaa upande wa pili tunakula vumbi." Alitoa mguu kwenye beseni, akautazama. "Kwa nini lisivute hewa yetu? Moto unachagua?"

Nilicheka. Namwandikia msomaji ukweli: nilicheka, nikamwambia ile si seredani ya mkaa ya kupepea kwa ungo, ni mtambo wenye vipimo. Mama aliinuka. Alimwaga maji ya beseni nje, akaenda kulala.

Jumamosi asubuhi nilipita nyuma ya banda nikiwa nimeshika utepe wa plastiki, bila kujua hasa kwa nini nimeushika. Niliunyoosha mbele ya mdomo wa feni. Ulivutwa ukanyooka kama mkono unaoelekeza. Nikaenda kwenye ukuta nikapima kwa hatua. Kutoka mdomo wa feni hadi lundo la pili zilikuwa hatua kumi na moja. Nilisimama hapo muda mrefu, nikiona haya peke yangu.

Jumatatu niliomba kikao. Nilikuwa nimejiandaa kuzunguka, kuanza na feni kwanza, kuwafikisha polepole kwenye maji bila kusema yametoka wapi. Lakini nilipomwona Yai ameketi na kofia yake, amefungua daftari kunisikiliza kwa heshima ileile ya mwanzo, nikapiga moyo konde. Nilisema, "Mhandisi alisema kweli. Takataka zinaingia zimelowa. Wachambuzi wanazinyunyizia maji kulaza vumbi, na mimi nilijua tangu mtoto, sikulihesabu."

Meneja aliweka kalamu chini. Alisema kwa hiyo kwa wiki tatu, watu wake wenyewe wamekuwa wakimwagia maji tanuru lake, na hospitali imekuwa ikifua kwa maji baridi kwa sababu hiyo.

"Kwa wiki tatu wamekuwa wakitafuta pumzi," nikasema. "Hewa ya uani tunalipatia tanuru. Vumbi tunawaachia wao."

Sauti yangu ilikuwa imepanda. Nikaishusha. Nikaeleza wazo la mama, nikasema ni la mama, maana nilikuwa nimekwisha kula aibu moja na sikutaka kuongeza wizi. Meneja alimgeukia Yai kwa uso wa mtu anayetaka kuambiwa ni upuuzi.

Yai alichora mistari kadhaa kwenye daftari. Alichukua muda mpaka Meneja akaangalia saa. Halafu akasema vumbi lile ni karatasi na matambara yaliyosagika, kwa hiyo kwa tanuru ni chakula tu. Tatizo liko njiani: vumbi likijikusanya ndani ya bomba linaweza kushika moto, na feni inaweza kuzibwa. Itabidi kuwe na wavu wa kuchuja, na mtu wa kuukung'uta kila nusu saa, na kilango cha chuma kitakachojifunga moto ukitaka kurudi. Alipandisha kofia kidogo. "Ningepaswa kuliona hili siku tulipochora ukuta," akasema. "Sikuwahi kuingia bandani lundo linapofunguliwa. Geji aliniuliza, sikuwa na jibu."

Meneja alisema tujenge tunavyotaka, lakini Ijumaa ni ileile. Na alitaka siku tatu.

Tulikuwa na Jumatatu na Jumanne. Mchomeleaji wa kiwanda alikata mabati ya pipa kuukuu akayakunja kuwa bomba nene kama kiuno cha mtu mnene. Tulitoboa ukuta. Wavu tuliushona kwa mapazia ya nailoni yaliyotoka kwenye lundo lenyewe. Mama aliyachagua, akayanusa, akakataa mawili. Kinanda alishika bomba juu ya bega wakati likifungwa, akilalamika kwamba amezaliwa kwa ajili ya kazi ya ofisini.

Jumatano ilipofika saa nne, lori la pili likamwaga. Wanawake wanane walitazama madumu. Kuna mmoja, mdogo kuliko wote, aliyekuwa amekwisha kulishika kopo lake. Mama hakupiga makofi. Alivuta kitambaa cha kichwa kikafunika pua, akaingia kwenye lundo peke yake, akakamata fungu la magunia akalikung'uta kwa nguvu zote. Vumbi lilipanda kahawia, likamfunika mpaka mabegani. Likasimama hapo, na mimi nikasimama nalo. Kisha likainama. Likaanza kutambaa upande mmoja, polepole, halafu kwa kasi, likanyooka kuelekea ukutani na kuingia kwenye mdomo wa bomba kama uzi unaoingia kwenye tundu la sindano.

Mama alikohoa mara mbili. Akawaambia wenzake, "Njooni, upande huu wa ukuta."

Nilipanda ngazi mbio hadi kwenye geji. Saa tano, nyuzi elfu moja na sabini. Alhamisi, elfu moja na hamsini. Bomba la hospitali halikufungwa hata dakika moja.

Ijumaa ndiyo iliyotaka kutuua. Saa tano na nusu geji ilianza kushuka. Elfu moja na ishirini. Mia tisa na tisini. Meneja alikuwa amesimama nyuma yangu, namsikia anavyopumua. Sampuli yangu ilisema takataka ni kavu. Yai alitazama kipimo cha hewa akasema feni inakabwa koo, wavu umeziba. Lori la asubuhi hiyo lilikuwa limeleta mito iliyopasuka, na manyoya yalikuwa yamejaa nailoni yote. Mtu wa kukung'uta alikuwa ameukung'uta kila nusu saa kama alivyoambiwa. Nusu saa haikutosha.

Nilipiga simu bandani. Sikumaliza sentensi. Kwenye dirisha nilimwona mama akipiga yale makofi yake mawili, na wale wanawake wanane wakaacha lundo, wakapanga foleni kwenye wavu, wakapokezana kuupiga kwa mikono mitupu na vipande vya mbao, manyoya yakiwarukia kichwani mpaka wote wakawa weupe. Kinanda alikuwa ameshika ngazi, anapiga chafya, na bado anaongea. Mia tisa na sabini na tano. Mia tisa na sitini na nane. Geji ilitulia hapo kwa muda ambao sitaki kuupitia tena. Halafu sabini. Halafu themanini na tano.

Hakuna aliyeshangilia. Yai alivua kofia, na kwa mara ya kwanza tuliona ana upara mdogo, mwekundu kwa alama ya ukanda. Meneja aliandika tarakimu, akatia sahihi, akasema banda litabaki. Akasema anataka kushuka kumwambia Kamanda mwenyewe.

Tulimkuta amekaa juu ya dumu, anatoa manyoya kwenye nyusi. Alisimama kwa heshima. Meneja alimwambia joto limeshika, kazi yao haiendi popote, na kiwanda kinamshukuru. Alisema vizuri, kwa maneno mengi kuliko nilivyowahi kumsikia. Mama aliitikia kwa kichwa, akangoja amalize kabisa.

"Ahsante, bosi," akasema. "Sasa ile kona ya kule. Bomba halifiki. Wale watatu wamekula vumbi siku tatu hizi, na maji nimewakataza kwa sababu yenu. Jumatatu sitawakataza."

Meneja alimtazama Yai. Yai alikuwa amekwisha toa futi ya kupimia mfukoni. Alinyoosha ncha yake hewani akitafuta wa kumshikia, nikaishika, tukaanza kutembea kuelekea kona.